Eya klina: ikae kwanza, ndipo iwe rahisi

Mvua zikikatika, kuanzia Mei hadi Novemba hivi, barabara za vijijini kati ya Masasi na Newala huwa unga mwekundu. Lami imekuwa ikifika kwa awamu, lakini ukitoka barabara kuu kuelekea vijiji vya Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na kuzikwa mwaka 2020, vumbi ndilo linalotawala. Oktoba ikiingia, malori huanza kusomba korosho kutoka maghala ya vyama vya msingi, na kila gari linalofuata nyuma yao huvuta wingu lile moja kwa moja puani. Kwa mwenye gari wa huku, eya klina ni kinga ya injini, na ukubwa wake si jambo la kumwachia muuza spea akadirie kwa macho. Saizi sahihi ni ile inayobana kotekote ndani ya boksi lake, kisha ikawa na karatasi ya kutosha. Bei ifuate baada ya hayo mawili.

Tuanze na karatasi. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo injini ya cc 2,000 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inaweza kumeza hadi lita 3,000 za hewa ndani ya dakika hiyo. Kuunguza lita moja tu ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Yote hiyo inapita kwenye kipande kinachobebeka kwa mkono mmoja, na ndiyo sababu karatasi yake hukunjwakunjwa. Chukua eya klina ya bapa yenye urefu wa sentimita 25, upana wa sentimita 17 na mikunjo 50 yenye kina cha sentimita 4. Uso wake ni sentimita za mraba 425, lakini ukiikunjua karatasi unapata 6,800, yaani mara 16 ya uso huo. Weka pembeni yake nyingine ya urefu na upana uleule, ila ina mikunjo 35. Itaingia kwenye boksi bila tatizo na dukani zitaonekana pacha, lakini karatasi yake ni sentimita za mraba 4,760 tu. Imepungukiwa asilimia 30, na vumbi lile lile litaiziba mapema zaidi. Hesabu mikunjo kabla ya kutoa pesa.

Hata hivyo karatasi nyingi haisaidii kitu kama raba ya ukingoni haibani. Hewa hufuata njia nyepesi, na upenyo mdogo kati ya raba na boksi ni mwepesi kuliko karatasi yoyote. Mchanga una silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile ndogo za mikroni 5 hadi 20, nyembamba kuliko unywele, kwa sababu hupenya kwenye utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda na kusaga pande zote mbili. Matokeo yake yanajulikana kila gereji: injini inakula oili, inatoa moshi wa bluu, inakosa nguvu, na mwisho inafunguliwa. Eya klina ndogo iliyobanwa kwa kipande cha sponji, au kubwa iliyokatwa kwa mkasi ili iingie, ndiyo inayofungua njia hiyo.

Wapo wanaosema eya klina ikiziba gari hunywa mafuta, basi ni heri iliyo wazi kuliko iliyobana. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ililipima jambo hili, na ripoti yake ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba kwa magari ya petroli yanayodhibitiwa na kompyuta, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuchanganya. Hoja ya mafuta basi haitoshi kumfanya mtu aihatarishe injini. Wengine hutegemea kuipuliza kila siku kwa kompresa. Karatasi iliyoshika vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, na upepo mkali huitoboa. Ikilazimu, puliza taratibu kutoka ndani kwenda nje, kisha imulike kwa tochi. Ukiona tundu la mwanga, itupe. Na anayedai eya klina halisi ni ghali ana haki ya kulalamika, ila ailinganishe na gharama ya ringi, pistoni na kazi ya fundi.

Ukienda dukani Masasi mjini, usiseme tu "nipe ya Hilux". Hilux moja ni ya dizeli, nyingine ya petroli, na boksi hubadilika toleo kwa toleo. Nenda na namba ya chesisi, na eya klina ya zamani mkononi. Kwa Toyota, namba ya eya klina huanza na 17801, na tarakimu au herufi tano zinazofuata ndizo zinazotofautisha moja na nyingine, zilinganishe zote. Baada ya wiki chache za vumbi, zima injini, fungua kava na upitishe kidole upande wa hewa safi, ule unaoelekea kwenye injini. Kidole kikitoka chekundu, eya klina hiyo si saizi yake au raba haibani: ibadilishe kabla malori ya korosho hayajaanza safari.