Bunduki 'kiraka' ya Mjerumani: Mkwanja wake unalipa?

Ukitaja bunduki kwenye kurasa za michezo, wengi watadhani ni habari ya Arsenal, Washika Bunduki wa London, timu iliyoanzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Leo bunduki ni bunduki kweli. Ila swali ni lile lile linalogombanisha watu kijiweni kila dirisha la usajili likifunguliwa: huyu wa bei mbaya, analipa?

Anayezungumzwa ni bunduki ya kuwindia ya Kijerumani, ile inayofunguka vipande na kubadilishwa mtutu. Maarufu kuliko zote ni Blaser R8. Bila darubini, bei yake ni kama Euro 4,000, na yenye kitako cha mbao za daraja la juu inapaa zaidi ya hapo. Kwa pesa ya madafu ni zaidi ya Sh10 milioni. Wakati huo huo, Tikka ya Finland, bunduki inayoheshimika na wawindaji wengi duniani, inapatikana kwa theluthi moja tu ya pesa hiyo.

Sasa tofauti yote hiyo inanunua nini?

Nyumbani kwa Stuttgart

Wafuatiliaji wa Bundesliga wanalijua jimbo la Baden-Württemberg kwa sababu ya VfB Stuttgart, Freiburg, Hoffenheim na Heidenheim. Wawindaji wanalijua kwa sababu ya Isny im Allgäu, mji mdogo wa kusini ambako Blaser ina kiwanda chake. Jimbo hilo hilo, kando ya mto Neckar unaopita pia Stuttgart, ndiko uliko mji wa Oberndorf, nyumbani kwa ndugu wawili wa ukoo wa Mauser. Mfumo wa Mauser wa mwaka 1898 ndio mama wa bunduki nyingi za kuwindia hadi leo. R8 yenyewe ni ya juzi tu, ilitoka mwaka 2008 kuchukua namba ya kaka yake, R93.

Mjerumani hakuleta mambo ya kubadilisha mitutu kwa mbwembwe. Sheria ya uwindaji ya kwao inataka risasi ya kumpiga paa mdogo wa Ulaya iwe bado na nguvu ya joule 1,000 ikifika meta 100. Kwa nguruwe pori na kulungu wakubwa, nguvu hiyo inapanda hadi joule 2,000 na kaliba, yaani unene wa risasi, isipungue milimita 6.5. Jamaa huyo huyo akipanda ndege kuja Tanzania kuwinda nyati kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii, anatakiwa kuwa na kaliba .375 au kubwa zaidi. Hizo ni mechi tatu na wapinzani watatu tofauti.

Kiraka chenyewe

Mashabiki wa Simba na Taifa Stars wanamkumbuka Erasto Nyoni. Kocha akitaka beki wa pembeni, yupo. Akitaka beki wa kati au kiungo, yupo. Ndiyo maana aliitwa kiraka.

R8 ni kiraka wa aina hiyo. Mtutu umeshikwa kwenye kitako na nati mbili, zinafunguliwa kwa ufunguo mmoja. Unatoa mtutu wa kuwindia paa, unaweka wa nyati. Ukihamia risasi ya ukubwa mwingine unabadilisha pia kichwa cha bolti na kipande cha ndani ya magazini. Ni kazi ya dakika chache, na kitako kinabaki kile kile ambacho bega limeshakizoea.

Kuna mawili mengine. La kwanza ni kasi. Bunduki ya kawaida ya bolti inataka miondoko minne ili kuingiza risasi nyingine: inua, vuta, sukuma, shusha. R8 inataka miwili tu, vuta na sukuma. Kwenye msako wa Ulaya, nguruwe wanaposwagwa na kukatiza mbio mbele ya mwindaji, hiyo ni faida kubwa.

La pili ni usalama. Risasi inaweza kuwa ndani lakini springi ya kufyatulia imelala. Mwindaji anaikoki kwa kidole gumba pale tu anapotaka kupiga. Ukiteleza kwenye korongo, hiyo si anasa.

Mkwanja unakoishia

Tatizo ni kwamba kiraka huyu ana wakala mjanja. Mtutu wa pili peke yake unaweza kuzidi Euro 1,000, yaani karibu na bei ya Tikka nzima. Kifungio cha darubini ni mamia ya Euro. Halafu kila mtutu una tabia yake, darubini iliyorekebishwa kwa huu haitalenga sawa kwenye ule. Hapo ama unapoteza risasi kulenga upya kila ukibadilisha, ama unanunua darubini ya pili. Mwisho wa hesabu, bunduki mbili za kawaida, kila moja na darubini yake, zinaweza kuwa rahisi kuliko kiraka mmoja mwenye mitutu miwili.

Na shabaha? Hapa ndipo wengi wanapigwa. Bunduki za bei ya kati siku hizi zinapiga vizuri kuliko watu wengi wanaozishika. Euro 4,000 hazinunui mkono usiotetemeka.

Porini hakuna VAR

Nyati ndiye mtihani wenyewe. Akijeruhiwa akaingia kichakani, anayetangulia kufuata nyayo ni msaidizi wa Kitanzania, na mara nyingi hana bunduki mkononi. Risasi ya kwanza ikienda vibaya, anayelipa ni yeye na mnyama anayeteseka.

Mazingira hayo ndiyo yanayofanya wawindaji bingwa wengi wang'ang'anie mfumo ule wa 1898. Kucha yake kubwa inaikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini, na mkono wa bolti unapoinuliwa unaling'oa kwa nguvu ganda lililokwama kwa joto au vumbi. R8 ina vipande vingi zaidi. Triga na magazini yake vinatoka pamoja kama kipande kimoja. Kipo kitufe cha kukifunga kisitoke, lakini asiyekifunga akakidondosha majanini, amebaki na rungu la Sh10 milioni.

Kwa hiyo jibu linategemea ratiba ya mechi zako. Mwindaji anayepiga paa Mei, nguruwe Novemba na kusafiri Afrika na sanduku moja la bunduki, huyo R8 inamlipa, kwa sababu atawatumia wachezaji wote aliowasajili. Anayewinda mnyama wa aina moja, wiki moja kwa mwaka, analipia benchi. Huyo anunue bunduki ya kawaida, aweke darubini nzuri, na pesa inayobaki aimalizie kwenye risasi za mazoezi.

Maana hata Nyoni hakuwa kiraka kwa sababu ya bei ya viatu vyake. Alikuwa kiraka kwa sababu ya mazoezi.