Mbwa Wakubwa wa Mlimani Wapata Makao Mapya

Ninyi watoto wa Ituri mnamjua mbwa wa msituni. Ni mdogo, uzito wake ni kama kilo 10, wala habweki kama mbwa wengine. Ndiyo sababu mwindaji humfunga kengele ya mti shingoni, apate kujua alipo. Leo nitawaeleza habari za mbwa wa namna nyingine. Huyu ni mkubwa mno, tena ni mpole mno. Jina lake ni mbwa wa Mtakatifu Bernardo. Aweza kufika kilo 80, naye huenda akampita baba yako kwa uzito!

Asili yake ni wapi? Kati ya Uswisi na Italia kuna milima mirefu iitwayo Alpi. Njia moja ya kuivuka hupita mahali penye kimo cha mita 2,469, karibu mara mbili ya kimo cha Bunia. Huko theluji huanguka miezi mingi, ile theluji nyeupe iliyo juu ya mlima Ruwenzori. Zamani wasafiri walipita kwa miguu, na wengi walipotea wakafa kwa baridi. Basi, karibu mwaka 1050, padri mmoja jina lake Bernardo alijenga kule juu nyumba ya kupokea wageni. Watawa wakakaa humo, na hata leo wapo.

Kati ya mwaka 1660 na 1670 watawa walipata mbwa wakubwa wa kulinda nyumba. Baadaye wakaona kwamba mbwa hao wana pua kali. Wakaenda nao kutafuta watu waliofunikwa na theluji. Mbwa alinusa, akachimba kwa miguu, akamlamba mtu uso mpaka akaamka.

Aliyesifiwa kuliko wote aliitwa Barry. Alizaliwa mwaka 1800, akasaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Alipozeeka hakufukuzwa. Mwaka 1812 alipelekwa katika mji wa Bern, akapumzika huko mpaka alipokufa mwaka 1814.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1964 ilifunguliwa barabara iliyochimbwa ndani ya mlima, chini ya njia ile ya zamani. Tena mtu akipotea, helikopta huja upesi kumtafuta. Mbwa wakakosa kazi. Hata hivyo, walitaka chakula kingi, walitaka kuchanwa manyoya na kutembezwa kila siku. Nao watawa walikuwa wamebaki wachache. Mwaka 2004 wakasema wazi: hatuwezi tena kuwatunza vema.

Watu wengi walisikitika. Je, watawa walifanya vibaya? Sivyo. Hawakuwafungua mbwa waende ovyo. Walitafuta watu wa kuwapokea. Mwaka 2005 chama kilichoitwa kwa jina la Barry kiliwachukua, kikawatunza katika mji wa Martigny, chini bondeni. Wakati wa joto mbwa wengine hupandishwa tena mlimani kwao. Nao wamepata kazi mpya: huwatembelea wazee na wagonjwa, kwa kuwa upole wao huwafurahisha watu.

Sasa tutazame kwetu. Mara nyingine jamaa huhama, nao humwacha mbwa mlangoni. Siku ya kwanza anangoja. Siku ya tatu anatafuta mabaki sokoni. Mwisho aweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akauma mtoto. Kichaa cha mbwa huua watu. Kwa hiyo, usiyeweza kumtunza mbwa wako, fanya hivi:

Kwanza, sema kweli. Kama mbwa ni mgonjwa, au hufukuza kuku, mwambie yule atakayempokea. Ukificha, kesho atamfukuza.

Pili, uliza habari ya chakula. Mbwa mkubwa hula kila siku, hata siku ambayo mfuko ni mtupu.

Tatu, tazama mahali. Mbwa mwenye manyoya mengi huteseka kwa jua. Anahitaji kivuli na maji. Mbwa mkubwa, hata akiwa mpole, aweza kumwangusha mtoto mdogo kwa mkia tu.

Nne, mpeleke apigwe sindano ya kukinga kichaa.

Tano, usimpeleke na kukimbia. Nenda naye mara mbili au tatu, akae na watu wale, awazoee. Mpe na gunia lake la kulalia, kwa maana lina harufu ya kwao. Siku chache zikipita, rudi ukamtazame. Ukimwona anakula na kulala vizuri, umemaliza kazi yako.

Barry hakuweza kujitafutia makao ya uzee wake. Watu aliowatumikia ndio waliomtafutia.

Maulizo
1. Kwa nini mwindaji wa Ituri humfunga mbwa wake kengele?
2. Mambo gani mawili yaliwakosesha kazi mbwa wa mlimani?
3. Barry alikaa wapi katika uzee wake?
4. Kwenu kuna mbwa? Mkihama, nani angeweza kumpokea? Mngemwambia nini juu yake?