Chembe Inayong'aa: Suala la Kueleza Kipimo cha Damu kwa Kiswahili

Utangulizi

Pumwani ni miongoni mwa mitaa ya kale ya Waafrika jijini Nairobi, na Kiswahili kimestawi humo tangu miaka ya 1920. Mwaka 1985, katika eneo la Majengo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI, ijapokuwa walikabiliwa navyo kwa miaka mingi. Elimu iliyofuata ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa chembe nyeupe za damu yao. Basi namna ya kumweleza mtoa damu kinachofanyiwa damu yake si suala la wanasayansi peke yao. Linawahusu wanaisimu pia.

Namna chembe zinavyotambuliwa

Aina ya chembe nyeupe ihusikayo hapa ina upana wa mikromita 7 hadi 10 hivi, na haina rangi ya kuipambanua na jirani yake. Kwa hiyo damu huchanganywa na kingamwili zilizoambatishwa rangi maalumu, ambazo hunata kwenye protini iitwayo CD4. Kisha chembe hupitishwa moja moja mbele ya mwali wa leza. Rangi mojawapo itumikayo sana, ikimulikwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 488, hutoa mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi. Chujio huuzuia ule wa buluu. Wa kijani hufika kwenye kipokezi na kugeuzwa kuwa mpigo wa umeme, na mipigo hiyo ndiyo ihesabiwayo.

Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa ndani ya chipu ya kioo au plastiki yenye mifereji ya upana wa makumi ya mikromita. Katika mifereji hiyo majimaji hayavurugiki, bali hutiririka kwa matabaka, na yale ya pembeni huweza kuzibana chembe zipite katikati zikifuatana. Ugumu ni kwamba mwanga wa chembe moja ni hafifu mno, na plastiki yenyewe huweza kung'aa kidogo na kuuficha. Vifaa vidogo vya kuhesabu CD4 kwa damu ya kidoleni vilitumika nchini Kenya katika miaka ya 2010.

Suala la lugha

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mwanga, lakini hapana budi vitenganishwe. Kuakisi hakufai hapa, kwa sababu mwanga unaoakisiwa hurudi na rangi ule uliokuja nayo. Kung'aa peke yake hakuonyeshi chanzo. Aidha, mtu akiambiwa kwamba "damu inang'aa", aweza kudhani kuwa mng'ao ni wa damu yake, au hata wa ugonjwa, hali king'aacho ni rangi iliyotiwa maabara.

Hapa sarufi yatoa msaada mkubwa kuliko istilahi. Katika sentensi "rangi ikimulikwa kwa buluu hung'aa kijani", kauli ya kutendwa yaonyesha kuwa mwanga umetoka nje, na kiambishi -ki- chaonyesha sharti pamoja na kutukia kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo kimaumbile, kwani mng'ao huo hufifia katika muda wa nanosekunde baada ya mwali kukoma. Tukisema "ikishamulikwa hung'aa", tutakuwa tumeeleza jambo jingine, yaani mng'ao unaobaki baada ya taa kuzimwa, kama ule wa akrabu za baadhi ya saa gizani.

Hitimisho

Darasani, neno fluoresensi laweza kutumika, au istilahi kama mng'ao geuzi, kwa kufuata muundo wa kitenzi elekezi. Lakini anayeombwa damu yake hahitaji istilahi kwanza. Anahitaji sentensi iliyo sahihi, ili akikubali au akikataa, awe amejua alilolikubali au alilolikataa.