TUYATUNZE MAWARIDI YETU WAKATI WA BARIDI

Wengi hudhani kwamba waridi ni ua la watu wa Naivasha na Limuru, na kwamba sisi wa Kitui na Makueni tumeumbiwa mihogo, pojo na mbaazi tu. Hayo si kweli. Hata huku kwetu mwaridi unaweza kukaa miaka mingi ukitunzwa. Kwanza tujue kwamba mti wenyewe huitwa mwaridi, na ua lake ndilo waridi.

Shida huanza mwezi wa Juni. Kule Ulaya adui wa mwaridi ni theluji na barafu, hata watu hufukia shina kwa udongo ili lisigande. Huku kwetu hakuna theluji. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta mawingu mazito na asubuhi huwa na baridi, hasa kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu ambako ukungu na manyunyu ni mambo ya kawaida. Lakini mvua ya kweli hakuna mpaka Oktoba au Novemba. Kwa hivyo mwaridi wetu hupigwa na mambo mawili pamoja: baridi na kiu. Ukienda Kibwezi au Mutomo baridi ni kidogo, lakini kiu ni kali zaidi.

Sasa tufanyeje? Jambo la kwanza ni maji. Hapa kuna swali gumu. Je, ni haki kumwagilia ua maji wakati akina mama wanachimba mchanga wa mto ili wapate mtungi mmoja? Mimi nasema maji safi ni ya watu na mifugo, kwisha. Lakini maji yaliyoosha mboga, mchele au mikono hayana kazi nyingine. Tuyaweke kwenye ndoo badala ya kuyamwaga uani. Yale yenye sabuni nyingi tusiyatumie, maana huharibu udongo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwagilia asubuhi, tena kwenye shina, si juu ya majani. Ni afadhali umwagilie mara moja au mbili kwa wiki maji yazame chini, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Maji yakizama, mizizi huyafuata chini. Ukinyunyiza juu juu, mizizi hubaki juu na jua likitoka kidogo tu mti unanyauka.

Jambo la pili ni matandazo. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mti ili unyevu usipotee. Lakini huku Ukambani tuna mchwa, kwa hivyo acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya nyasi na shina, na uchungulie chini yake kila wiki.

Tatu, angalia magonjwa. Mchana wenye joto ukifuatwa na usiku wa baridi yenye unyevu, utaona majani kama yamemwagiwa unga. Huo ni ugonjwa wa ukungu. Kata majani hayo uyachome, na usiipande miti ikiwa imebanana, ili hewa ipite. Sehemu kavu nazo zina utitiri mwekundu, wadudu wadogo sana wanaojificha chini ya jani na kutanda utando mwembamba. Hao hawapendi maji, kwa hivyo waoshe asubuhi mapema ili majani yakauke upesi.

Nne, usiwe na haraka na makasi. Wakati wa baridi ondoa matawi makavu, yenye ugonjwa na maua yaliyozeeka tu. Kupogoa kwenyewe kungoje mwisho wa Septemba au mapema Oktoba. Kata mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Kisha weka samadi iliyooza vizuri. Mvua za vuli zikija, ambazo kwetu ndizo za kutegemewa kuliko za masika, machipukizi yatazipokea. Ukipogoa sana Julai, machipukizi hayo yatakutana na ukame yafe.

Mwisho, zungushia matawi ya miba. Mwaridi una miba yake, lakini mbuzi wa Ukambani haogopi miba!

Wanachama wenzangu, mwezi wa Agosti shule hufungwa, na huo ndio mwezi ambao maua ya shule nyingi hufa kwa kukosa mtu. Sisi ni wa shule ya kutwa, nyumbani si mbali. Naomba tugawane zamu, kila mmoja siku yake na ndoo yake ya maji yaliyotumika. Tukifanya hivyo, Novemba tutakuwa na mawaridi ya kuwapa kidato cha nne wakimaliza mtihani.