Kadi, Deni na Simu: Malipo ya Mtandaoni Kulamawe

Malipo ya kadi mtandaoni hukataliwa kwa sababu zinazojulikana, na nyingi hazihusiani na kiasi cha pesa kilichomo kwenye akaunti. Mnunuzi huandika nambari 16 za mbele ya kadi, mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, na nambari tatu za nyuma. Ombi hutoka kwa muuzaji, likapitia benki yake na mtandao wa Visa au Mastercard, hadi kwenye benki iliyotoa kadi. Benki hiyo huamua kwa sekunde chache. Kulamawe, mji mdogo wa wafugaji Waborana katika Kaunti ya Isiolo, karibu kilomita 80 kutoka mjini Isiolo kwenye barabara ya kwenda Modogashe, ombi hilo lina mahali pengi pa kukwama.

Huanza kukwama kwenye anwani. Fomu za malipo zilibuniwa kwa nchi ambazo kila nyumba ina mtaa na nambari ya mlango. Marekani na Uingereza, benki hulinganisha anwani aliyoandika mnunuzi na ile iliyo kwenye rekodi zake, ili kumnasa mwizi wa kadi. Kenya, barua hufika kwenye sanduku la posta, na mtu wa Kulamawe huenda anatumia sanduku la shule, la msikiti au la jamaa aliye Isiolo. Fomu ikimdai jimbo, mtaa na nambari ya nyumba, hujaza chochote kitakachokubalika ili ukurasa usonge mbele. Muuzaji mwenye mfumo mkali akiona maelezo hayaeleweki, hulitupa ombi. Linalosaidia ni kuandika anwani ile ile aliyopewa benki siku ya kufungua akaunti, bila kubadili hata herufi, sanduku la posta likiwekwa kwenye mstari wa mtaa.

Kizuizi kinachoumiza zaidi ni ujumbe wa uthibitisho. Baada ya nambari za kadi, benki hutuma nambari ya siri ya mara moja kwenye simu, nayo hudumu dakika chache tu. Hapo mnunuzi anahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: intaneti ya kuushikilia ukurasa wa malipo, na mawimbi ya simu ya kuuleta ujumbe. Moja likikosekana, yote huharibika. Ujumbe ukichelewa, nambari imekwisha muda. Ukurasa ukifunguliwa upya, ombi jipya huenda benki huku la kwanza likiwa bado halijafutwa. Wengine hawapati ujumbe kabisa kwa kuwa benki bado ina laini yao ya zamani, waliyoipoteza malishoni au kumwachia ndugu.

Hapo ndipo pesa huonekana zimepotea. Salio limepungua, na muuzaji anasema hajalipwa. Mara nyingi pesa hizo hazijaondoka: benki imezizuia ikingoja muuzaji azidai, na asipozidai huachiliwa baada ya siku kadhaa. Anayejaribu tena na tena huku akihofia tarehe ya mwisho ya kulipia ombi la chuo cha ng'ambo anaweza kukuta salio lake lote limezuiwa. Ni uchungu mkubwa kwa familia iliyouza mbuzi ili kupata ada hiyo, na benki zingewatendea haki wateja kwa kueleza jambo hili waziwazi ndani ya ujumbe wenyewe. Vilevile benki nyingi huifunga kadi isitumike mtandaoni hadi mwenyewe aombe ifunguliwe, na ombi hilo likishindikana kwa simu, dawa yake ni safari ya Isiolo.

Tangu 2022 kumekuwa na njia fupi. Safaricom, iliyoanzisha M-Pesa Machi 2007, ilishirikiana na Visa kutoa GlobalPay, kadi isiyo ya plastiki inayofunguliwa ndani ya M-Pesa, hata kwa kupiga *334#. Malipo hukatwa kwenye salio la simu, na zile nambari tatu za usalama hubadilika baada ya muda mfupi, hivyo aliyezinakili hafaidiki nazo. Haihitaji akaunti ya benki. Gharama yake imo kwenye kiwango cha kubadilisha shilingi kuwa dola, kwa hiyo anayelipa ada ya dola 50 aweke akiba zaidi ya kile anachokiona kwenye habari za soko la fedha.

Hata kadi inapofanya kazi, wapo wasiotaka kuigusa. Kulamawe ni mji wa Waislamu, na wazee wengi huona kadi yoyote kuwa mlango wa mkopo wa riba. Hofu hiyo ina msingi kwa aina moja tu. Kadi ya krediti hutumia pesa za benki, na deni lisipolipwa kwa wakati huzaa riba. Kadi ya debiti hutumia pesa za mwenyewe, na GlobalPay ni hivyo hivyo. Kwa kweli kadi ya krediti ni adimu kwa mfugaji, kwa sababu benki huitoa kwa kutazama hati ya mshahara, naye utajiri wake unatembea kwa miguu minne. Sheria ya Kenya ya 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika iliruhusu mifugo iwekwe rehani, lakini benki huogopa ukame, na ule wa 2020 hadi 2023 uliua mamilioni ya mifugo nchini.

Kukopa kwenyewe si jambo geni wala la aibu. Mwenye duka hutoa sukari, majani ya chai na unga, akaandika kwenye daftari, na deni hulipwa mnyama akiuzwa. Daftari hilo linaafikiana na dini: aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni mbele ya mashahidi, na aya ya 280 inaamuru mdaiwa aliyebanwa apewe muda. Waborana pia wana dabare, ambapo familia iliyokosa maziwa huazimwa ng'ombe wa kukama, na busa gonofa, mchango wa ukoo wa kumwinua aliyefilisika. Katika njia zote hizi mkopeshaji anamjua mkopaji na anajua kama mvua imenyesha.

Deni la simu halijui mvua. M-Shwari, huduma ya mikopo ndani ya M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayeurudia kila mwezi kwa mwaka hulipa ada ya asilimia 90 ya kiasi kile kile. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hujazia salio linapopungua na kutoza ada, kisha pesa yoyote itakayoingia hukatwa kulipa deni kwanza. Mwana aliye Nairobi akimtumia mama yake pesa za dawa, sehemu yake huishia hapo kabla mama hajaiona. Ada hiyo haiitwi riba kwenye ujumbe wa simu, na watu wanaoikwepa kadi ya debiti kwa kuogopa dhambi hujikuta wanalipa ada hii kila wiki. Jambo hili linastahili kuelezwa misikitini na sokoni kuliko kadi yenyewe.

Benki za Kiislamu zipo. Gulf African Bank ilianza kazi 2008, na miaka ya karibuni imeungana na Safaricom katika mkopo wa simu wa Halal Pesa, ambamo faida ya benki hujulikana tangu mwanzo na haiongezeki kwa kuchelewa. Hata hivyo deni la huduma hiyo huhesabiwa kwa siku 30. Kundi lililokufa kwa kiangazi huchukua miaka kurudi, na kwa kazi hiyo Kulamawe bado hutegemea ng'ombe wa kuazimwa.