Kabla ya kulipia 'Lister orijino', fungua kifuniko

MWENYE mashine ya kusaga akishaunganishiwa umeme, jambo la kwanza analofikiria ni kununua mota. La pili ni kumtafuta mtu wa kumuuzia injini yake ya dizeli. Katika Mkoa wa Njombe hali hiyo imekuwa ya kawaida, hasa baada ya laini ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018 na nguzo kuendelea kusogea vijijini. Injini zilizosaga mahindi kwa miaka mingi zinatolewa vibandani, zinapigwa rangi ya kijani, kisha zinasubiri mteja.

Na mteja yupo. Ni mkulima wa kitongoji ambacho nguzo bado ziko mbali, au mkamuaji wa alizeti ambaye umeme ukikatika msimu unampita huku magunia yamejaa uani. Wakati mwingine ni kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wamechoka kubeba debe la mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Mtu anayetoka Mdandu, kwenye barabara ya Njombe kwenda Iyayi, akifika Makambako na fedha za mahindi mfukoni, hatakosa dalali wa kumsalimia "Kamwene" na kumwambia: "Mzee wangu, hii ni Lister yenyewe ya Mwingereza. Orijino."

Tatizo ni kwamba neno hilo moja linaweza kuongeza bei kwa kiasi kikubwa, na mara nyingi ni kweli nusu tu. Injini ya umri huo imepita mikononi mwa mafundi wengi. Bloku inaweza kuwa ya Uingereza, silinda ya India, pampu ya dizeli ya injini nyingine iliyokufa, na gurudumu moja la kushoto ambalo hakuna anayekumbuka lilikotoka. Kwa hiyo swali la mnunuzi si kama injini ni orijino au la. Aulize ni sehemu zipi ni orijino, na kama hizo ndizo zinazostahili kulipiwa.

Injini zenyewe zina historia. Kampuni ya R. A. Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, Uingereza, na mwanzoni ilijulikana kwa zana za kilimo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kutengeneza injini za dizeli za aina ya CS, nzito na za mwendo wa polepole, zinazowashwa kwa mkono. Uzalishaji wake uliendelea hadi miaka ya 1980. Zilisambaa katika makoloni ya Uingereza kuendesha pampu za maji, jenereta na vinu, na zikapendwa kwa sababu fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua yote na kuifunga.

Zilipendwa kiasi cha kuigwa. Katika mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat nchini India, karakana nyingi zimekuwa zikitengeneza injini za mfano huo kwa miongo kadhaa, na nyingi zimeuzwa Afrika. Baadhi ni nzuri, baadhi ni hatari. Kinachozitofautisha si ramani ya injini, kwa kuwa ni ileile. Ni uangalifu wa aliyesubu chuma na kukichonga.

Jambo rahisi la kuanzia ni namba. Injini iliyoandikwa 6/1 ina nguvu za farasi 6 na silinda moja, na huzunguka mara 650 kwa dakika. Ile ya 8/1 ina nguvu za farasi 8 kwa mizunguko 850. Zile za 12/2 na 16/2 zina silinda mbili. Mnunuzi anayetaka kuendesha kinu kikubwa cha nyundo kwa injini ya 6/1 atajuta hata kama kila nati ilitoka Dursley, kwa sababu nguvu hazitoshi.

Namba hizo huonekana kwenye kibati cha injini, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Wanasoma jina, wanaridhika, wanahesabu noti. Kibati hushikiliwa na vipini vidogo tu. Kinang'oka kwenye injini iliyopasuka na kupachikwa kwenye nyingine kwa dakika tano. Kibati chenye vipini vipya, au mikwaruzo kuzunguka matundu yake, kisihesabiwe kuwa ushahidi. Alama zenye uzito zaidi ni zile zilizosubiwa pamoja na chuma, yaani herufi na namba zilizoinuka kwenye bloku, silinda au kifuniko. Nazo zikwanguliwe rangi kwanza. Muuzaji anayekataa kukwanguliwa rangi ya sehemu ndogo kama ukucha ana sababu yake.

Baada ya hapo fungua mlango wa bloku. Hii ndiyo hatua ambayo haifai kurukwa. Injini ya aina hii haina mfumo mgumu wa kusukuma oili kwenye konrodi. Chini ya konrodi kuna kijiko kinachopiga oili na kuirusha juu kila mzunguko. Chochote kilichomo kwenye oili nacho hurushwa. Kopi zilizosubiwa ovyo huja na mchanga wa kiwandani uliobaki ndani ya bloku, na mchanga huo huendelea kudondoka taratibu na kusaga beringi na krenki. Pitisha kidole kwenye kona za ndani, kisha kisugue na kidole gumba. Ukisikia chembe chembe, umeona ugonjwa. Ukikuta chembe zinazong'aa kama dhahabu au fedha, ni beringi inayokwisha.

Hapo hapo tazama krenki. Ikiwa ina mifereji unayoweza kuisikia kwa ukucha, itahitaji kuchongwa, na krenki inachongwa mara chache tu kabla ya kwisha. Ingiza mtaimbo chini ya gurudumu kubwa na kuliinua polepole. Likiruka juu na kushuka kwa kishindo kidogo, beringi kuu zimelegea.

Magurudumu hayo mawili makubwa, ambayo mafundi huyaita flaiwili, yana mambo mengi ya kueleza. Shika kijiti kikiwa kimetulia karibu na ukingo wa gurudumu, mtu mwingine alizungushe taratibu kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na chuma ikipanuka na kubana, gurudumu limepinda au tundu lake halikuchongwa katikati. Magurudumu yasiyo na uwiano ndiyo lawama inayosikika zaidi dhidi ya kopi, na ndiyo inayozifanya injini zirukeruke hadi kung'oa bolti kwenye zege. Kagua pia kabari ya chuma inayolifunga gurudumu kwenye krenki. Ukiona unga mwekundu kuizunguka, ujue gurudumu limekuwa likicheza kidogo kidogo wakati injini inafanya kazi. Gonga ukingo kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia kama kengele, kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa. Gurudumu lenye ufa lisinunuliwe kwa bei yoyote, kwa sababu likipasuka katika mwendo linaua.

Kwenye silinda hedi kuna alama nyingine ambayo watu wa Njombe wana sababu ya kuijali. Injini nyingi za 6/1 za Dursley zina kigurudumu kidogo cha mkono ubavuni mwa hedi. Kikifungwa, nafasi ya mwako hupungua na mgandamizo hupanda, na injini huwaka kwa mkono hata asubuhi ya Juni wakati baridi inauma. Ikishapata moto na kubebeshwa mzigo mzito, kinafunguliwa. Kopi nyingi hazina kifaa hicho, au zimewekewa bolti tu mahali pake. Hata hivyo si kipimo cha mwisho, maana baadhi ya Lister halisi hazikuwa nacho, na hedi ya India inaweza kufungwa juu ya injini ya Kiingereza bila shida yoyote.

Nati nazo zinasema, ila si kile ambacho wengi wanadhani. Injini hizi zilitengenezwa kwa vipimo vya zamani vya Kiingereza, si vya milimita. Mojawapo ya nati hizo ina upana wa karibu milimita 18: spana ya 17 haiingii, ya 19 inacheza. Mahali ambapo spana ya 17 au 19 inakaa sawasawa, kuna uwezekano mkubwa kwamba nati hiyo imebadilishwa. Hilo halithibitishi kuwa injini ni kopi, kwa sababu Rajkot nako wametumia vipimo vya Kiingereza. Linaonyesha mahali ambapo fundi amepita, na hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Kuna sehemu ambazo uhalisi wake haufai kulipiwa hata shilingi. Pistoni, ringi, noseli, gasketi, beringi na valvu ni vitu vya kuisha. Pistoni ya Kiingereza iliyochoka ni mbaya kuliko pistoni mpya ya India iliyopimwa vizuri. Na ukweli ambao wenye kujivunia Lister halisi hawapendi kuusema ni kwamba wengi wao wanasaga hadi leo kwa sababu kopi zipo. Bila spea za India, injini nyingi za Dursley zingekuwa chuma chakavu zamani. Silinda yenyewe ina kipenyo cha milimita 114.3 na mwendo wa pistoni ni milimita 139.7, anayenunua spea apime, asiamini maandishi ya boksi.

Uhalisi unaolipa uko kwenye bloku, krenki, flaiwili na, kwa kiasi fulani, hedi. Hizi ndizo sehemu ghali, nzito na ngumu kubadilisha, na ndizo ambazo chuma kizuri kinaonekana faida yake baada ya miaka 20.

Baada ya kukagua ikiwa imezimwa, ni zamu ya kuiwasha, na iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla mteja hajafika ameficha jambo. Kwanza zungusha flaiwili kwa mkono bila kuinua valvu ya moshi: injini yenye mgandamizo mzuri hukataa, kisha hurudisha gurudumu nyuma kama spring'i. Ikipita kwa ulaini huku hewa ikifoka ndani ya bloku, ringi zimekwisha. Ikifoka kwenye bomba la moshi, tatizo ni valvu. Dizeli ikiwa wazi, noseli nzima hutoa mlio mfupi wa kukwaruza kila pampu inapopiga. Noseli iliyo kimya inadondosha tu.

Kisha ifungwe mkanda na ibebeshwe mzigo wa kweli. Injini ikizunguka tupu, hata mbovu husikika vizuri. Hapa ipo hesabu ambayo ina faida kuliko kibati chochote. Injini ya 6/1 yenye afya, ikiwa na mzigo kamili, hula takriban lita moja na nusu ya dizeli kwa saa. Maana yake lita moja ni dakika 40 hivi. Mnunuzi apime lita moja kwenye chupa na ashike saa. Tuseme lita hiyo inaisha kwa dakika 30. Injini hiyo inakula lita mbili kwa saa, nusu lita zaidi ya inavyopaswa. Kwa kazi ya saa nne kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni lita 50 za ziada kila mwezi. Mnunuzi azidishe kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, halafu kwa miezi 12. Mara nyingi jumla hiyo inazidi tofauti ya bei aliyokuwa akibishania na dalali.

Bei nayo ijadiliwe kwa mtindo huo huo wa sehemu kwa sehemu. Chukua mfano wa kikundi kinachoambiwa shilingi milioni 3 kwa sababu injini ni "orijino". Kikikuta bloku na flaiwili ni za Dursley lakini krenki inahitaji kuchongwa na hedi ni ya India, hakina haja ya kugombana kuhusu nani mwongo. Kiulize bei ya kuchonga krenki na kununua beringi kwa fundi wa kuchonga vyuma, kipunguze kiasi hicho na nauli yake, na kimpe muuzaji bei iliyobaki. Kopi iliyosubiwa vizuri, isiyo na mchanga na yenye magurudumu yanayotulia, ni ununuzi bora kuliko Lister halisi yenye krenki iliyokwisha. Iuzwe tu kwa bei ya kopi.

Makubaliano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa, yakitaja namba ya kwenye kibati pamoja na zile zilizosubiwa kwenye bloku, silinda na hedi. Zipigwe picha kwa simu siku hiyo hiyo. Kuna wanaolipa malipo ya awali Jumatatu na kuja na gari Alhamisi, wakakuta kibati ni kilekile na hedi nyingine.

Injini ya 6/1 ina uzito wa zaidi ya kilo 300, kwa hiyo ibebwe ikiwa imesimama na kufungwa kwenye mbao, si kulazwa ubavuni ikiegemea flaiwili. Oili imwagwe kabla ya safari. Ikifika Mdandu, kabla ya kuwekwa oili mpya, bloku ioshwe kwa dizeli na kitambaa kisichoacha nyuzi, hata kama mkaguzi hakusikia mchanga wowote. Zege la kuifungia liachwe likauke vizuri kabla ya bolti kukazwa, na oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya siku chache za kusaga, ili kuona imebeba nini.