Je, Wajua? Masisi na Walikale Ndani ya Kuta za Ghorofa Yako

Je, wajua kwamba fundi umeme anapofunga bodi ya breka kwenye jengo la ghorofa kumi pale Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kilimani jijini Nairobi au Himbi mjini Goma, huenda ameshika mkononi kipande cha Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Mwaka 2024 mgodi wa Bisie, ulioko msituni kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Hiyo ni takriban asilimia 6 ya bati lote lililochimbwa duniani mwaka huo, kutoka mlima mmoja.

Je, wajua bati hilo linakwenda wapi? Karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye lehemu, ule waya laini ambao fundi huuyeyusha kwa pasi ya kulehemu ili kushikiza vipande juu ya bodi. Mita ya umeme ya LUKU ina lehemu. Bodi inayoiamuru lifti isimame ghorofa ya nne ina lehemu. Taa ya LED ya kwenye ngazi, king'ora cha moshi, kisanduku kinachowasha pampu chenyewe, geti la umeme: vyote vimeshikwa na bati. Ukiling'oa bati katika jengo la kisasa, nguzo na zege vitabaki vimesimama, lakini hakuna kitakachowaka, kuzunguka wala kulia.

Je, wajua kwamba bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi tu? Likichanganywa na risasi kwa kipimo cha 63 kwa 37, linayeyuka kwenye nyuzi 183. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliupenda mchanganyiko huo. Kisha, tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya umeme kwa sababu ya sumu yake. Viwanda vikahamia lehemu ambayo zaidi ya asilimia 95 yake ni bati. Sheria iliyopitishwa Brussels kwa ajili ya afya ya watu wa Ulaya ikaongeza hamu ya dunia kwa mawe ya Walikale, wakati ambapo Bisie ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki.

Na hili je? Bati tupu huota nywele. Nyuzi nyembamba kuliko unywele wa binadamu huchipuka zenyewe juu yake, zikafika mahali pengine na kupiga shoti. Risasi ndiyo iliyokuwa ikizizuia. Mhandisi anayechunguza lifti inayogoma bila sababu ya kuonekana ana haki ya kuzishuku.

Kioo cha dirisha lako pia kimepita juu ya bati. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza njia hiyo mwaka 1959, kioo cha majengo hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya dimbwi la bati lililoyeyuka. Kioo huelea, kikajinyoosha chenyewe, kikatoka bapa bila kusuguliwa. Na katika lifti za zamani zenye gia, gurudumu lenye meno huwa la shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, takriban sehemu moja kwa kumi, ili lisilike upesi.

Je, wajua mawe ya Bisie yalitokaje msituni kabla ya kampuni kujenga barabara? Mgongoni. Wachimbaji wadogo waliingia Bisie mwaka 2002. Mtu alibeba mfuko wa kilo 50 wa kasiteriti, yaani mawe yenye bati, akatembea msituni kwa siku mbili hivi, kwenye matope, akivuka mito juu ya magogo na kulipa kila kizuizi, mpaka kijiji cha Njingala. Kutoka hapo mizigo ilipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe! Magari yalisimama pembeni, ndege ikatua, ikapakiwa, ikaruka kwenda Goma. Mpaka Machi 2009 brigedi ya 85, iliyokataa kuunganishwa vizuri na jeshi la taifa, ndiyo iliyotawala mlima huo na kutoza ushuru. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2011. Kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo Bisie mwaka 2019.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wahandisi wa majengo tunajua kwa undani nyaya zetu zimetoka kiwanda gani na zimepitishwa na shirika gani la viwango, lakini wachache wetu tumewahi kuuliza mzigo ulianza safari yake mgongoni mwa nani.

Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliposogea, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi; mji wa Walikale ukatekwa mwezi huohuo. Bei ya bati kwenye soko la London ikapanda mara moja. Aprili waasi wakaondoka mjini na mgodi ukaanza kurudi kazini hatua kwa hatua. Bunduki ikilia Walikale, bei ya lehemu inasikia hadi Nairobi.

Tuvuke mlima, tuje Masisi. Je, wajua kwamba Rubaya, mji mdogo wa vilima vilivyokatwakatwa wilayani Masisi, unakadiriwa na Umoja wa Mataifa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia? Koltani ya Rubaya, yaani mawe yenye tantalamu, huchimbwa kwa sururu na koleo, huoshwa kwenye mifereji ya maji, kisha hubebwa katika magunia. M23 waliuteka mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa waasi walikuwa wakikusanya kama dola 800,000 kila mwezi kutokana na ushuru wa madini hayo.

Kwa nini tantalamu? Kwa sababu ya kapasita. Kapasita ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme na kuiachia inapohitajika, ili bodi ya elektroniki isitetereke umeme unapoyumba. Unga wa tantalamu hukandamizwa na kuokwa mpaka uwe na vitundu visivyohesabika, kisha uso wake wote hufunikwa na ngozi ya oksidi iliyo nyembamba mno. Eneo ni kubwa, ngozi ni nyembamba: chaji nyingi inaingia katika kitu kisichozidi punje ya mchele. Kapasita hizo huvumilia joto na hudumu miaka. Simu yako inazo, na baadhi ya bodi za inveta na za mitambo ya majengo zinazo.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wengi wa taa hawalijui. Tantalamu iliwahi kuwa ndiyo taa yenyewe. Kampuni ya Siemens & Halske ya Ujerumani, kwa kazi ya Werner von Bolton na Otto Feuerlein, ilianza kuuza globu zenye waya wa tantalamu mwaka 1905. Metali hiyo haiyeyuki mpaka nyuzi 3,017 hivi. Nyumba za Ulaya zilimulikwa nazo mpaka tungsteni ilipochukua nafasi baada ya William Coolidge kuifanya ivutike kuwa waya, karibu mwaka 1910. Leo vijiji vingi vinavyokaa juu ya madini ya tantalamu havina nguzo hata moja ya umeme. Hilo linauma, na liume.

Tuyaache madini kidogo, tuangalie ardhi na anga la huko, maana yeyote anayejenga Goma, Sake au Masisi lazima apige hesabu tofauti na mwenzake wa Mombasa.

Je, wajua kwamba pampu haivuti maji? Inaondoa hewa kwenye bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari, kwa nadharia, maji yatapanda mita 10.3 na kukoma. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kikomo kinashuka hadi kama mita 8.6. Kwenye vilima vya Masisi vya mita 2,000 kinabaki kama 8.1. Ukitoa msuguano wa bomba na mvuke wa maji, pampu ya juu ya ardhi isitegemewe kwa zaidi ya mita tano au sita. Fundi aliyezoea Dar es Salaam atafunga pampu juu ya kisima cha mita saba, itanguruma siku nzima bila tone, kisha atasema pampu ni feki. Dawa ni pampu ya kuzamishwa, inayosukuma kutoka chini.

Jenereta nayo hukosa pumzi. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Ile iliyoandikwa 100 kVA, ukiipandisha mita 2,000, itakupa kama 73 hadi 80. Mwenye jengo akipanga lifti, pampu na taa kwa kibandiko cha kiwandani, siku ya kwanza umeme ukikatika jenereta itazimika lifti ikiwa njiani.

Radi! Milima ya magharibi mwa Ziwa Kivu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Uchambuzi wa data za satelaiti za NASA uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kwanza, na Kabare, jirani hapo Kivu Kusini, pa kwanza Afrika: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Katika nchi ya namna hii kizuia-radi juu ya paa hakitoshi. Bodi kuu inahitaji kinga ya kufyonza mshtuko unaoingia kwa waya, la sivyo radi iliyopiga nguzo ya mbali itaua friji, modemu na bodi ya lifti kwa pigo moja.

Na waya wa athi utauzika wapi? Goma na njia ya Sake zimekaa juu ya lava. Mwamba huo mkavu haupitishi umeme vizuri, na fimbo ya shaba haizami. Mafundi wa kweli huchimba mtaro mrefu, hulaza waya wa shaba bapa, hujaza udongo mzuri au bentonaiti, kisha hupima kwa mita. Anayefunga waya kwenye nondo moja na kusema "imetosha" anaacha watu wakinge mikono yao mahali pa breka.

Je, wajua mazuku? Kati ya Goma na Sake, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi wala harufu, nayo imeua mifugo na watu. Sasa fikiria chumba cha pampu cha chini ya ardhi, shimo la lifti, au tangi la maji lililochimbwa kwenye lava. Gesi inaingia kwa nyufa na kukaa. Feni inayopuliza juu karibu na dari haisaidii kitu; hewa chafu lazima inyonywe kutoka sakafuni, na kifaa cha kupima gesi kifungwe karibu na magoti, si usawa wa macho. Hili, kwa maoni yangu, lingepaswa kuwa sharti la kibali cha ujenzi.

Mvua ya huko nayo ina lake. Upepo husukuma moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kuelekea magharibi, juu ya Sake na Masisi. Mvua ikipita humo huwa na tindikali, na hubeba floridi inayoweza kuzidi kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Hula mabati, hula bomba la chuma, na ikikaa kwenye tangi la paa hunyweka kila siku bila mtu kujua. Bomba na tangi za plastiki huvumilia, na maji ya mvua za kwanza yamwagwe.

Maji ya bomba nayo hutegemea umeme. Januari 2025, mapigano yalipoukata, Goma ilikauka. Ziwa lilikuwa pale pale, limejaa, lakini pampu zilisimama, na watu wakashuka ufukweni na madumu.

Na pampu hazihitaji umeme mwingi: kupandisha mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, hadi ghorofa ya kumi kunahitaji, kwa nadharia, uniti (kilowati-saa) 0.08 tu; kwa pampu ya kawaida, kama 0.15. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe cha Hifadhi ya Virunga, wilayani Rutshuru, chenye megawati 13.8, kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa moja kingeweza kupandisha zaidi ya mita 90,000 za ujazo. Masisi na Walikale nazo zina mteremko wao. Mto Lowa huteremka kutoka milima hiyo, mingine zaidi ya mita 2,000, hadi Walikale iliyoko chini ya mita 1,000, kisha huenda kumwaga maji yake katika mto Lualaba. Kila mita ya ujazo inayoshuka mita 100 ina uniti 0.27 ndani yake. Turbini nzuri hutoa zaidi ya 0.2, nyingi kuliko zinazohitajika kuyapandisha maji hayohayo hadi ghorofa ya kumi.